Vyumba Viwili Chini ya Nyumba ya Parokia



Wapendwa katika Kristo, kila mwaka ifikapo tarehe 8 Machi, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa hospitali na wa wagonjwa. Wengi wetu twamfahamu kwa jina, lakini ni wachache wanaojua kwamba kabla ya kuwa mhudumu wa wagonjwa, yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mwendawazimu. Katika miaka ya 1530, mjini Granada, Hispania, alisikia mahubiri ya Mtakatifu Yohane wa Avila, akashikwa na majuto makali hata akawa anazunguka mitaani akilia kwa sauti. Watu wakamkamata, wakampeleka katika Hospitali ya Kifalme. Huko alifungwa na kuchapwa viboko, kwa maana hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya wendawazimu siku zile. Alipotoka, alifungua nyumba ya kuwatunza maskini wagonjwa, akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki dunia tarehe 8 Machi 1550.

Tumetanguliza habari hii kwa sababu historia tunayotaka kuitafakari juma hili ilianza pia katika mwezi wa Machi, karibu karne nne baada ya kifo chake, mbali sana na Granada. Ni historia ya kliniki ndogo ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1946 katika vyumba viwili vya chini ya ardhi, kwenye nyumba ya parokia moja huko Harlem, mjini New York. Haikuwa kliniki ya Wakatoliki. Hata hivyo tunaamini kwamba sisi wenye parokia, kumbi na funguo tunayo mengi ya kujifunza kwayo.

HARLEM NA WATU WAKE

Harlem ni sehemu ya jiji la New York, nchini Marekani. Kuanzia miaka ya 1910, Wamarekani weusi kwa maelfu walihama kutoka majimbo ya Kusini, walikokuwa wakilima pamba kwa ujira duni na kuishi kwa hofu ya kuuawa na makundi ya wazungu. Walikwenda Kaskazini kutafuta kazi na heshima, na wengi wakafikia Harlem. Kazi walizipata, zile za chini. Nyumba walizipata, kwa kodi kubwa na kwa kubanana. Walichokipoteza ni kile ambacho kule mashambani, pamoja na dhiki yote, kiliwashikilia wasianguke: bibi anayeijua historia ya ukoo, mchungaji anayemfahamu kila mtoto kwa jina, jirani anayesikia kilio usiku akaja na taa.

Mwandishi Ralph Ellison aliandika insha kuhusu kliniki hiyo mwaka 1948, ikachapishwa mwaka 1964. Humo alieleza kwamba mtu aliyeng'olewa katika mazingira yake ya kwanza, kisha akanyimwa nafasi kamili katika yale ya pili, hufikia kujiona kwamba hayupo popote. Sisi ambao tuna ndugu waliotoka vijijini kwenda mijini, au waliovuka bahari kutafuta maisha, hatuhitaji kufafanuliwa sana maneno hayo. Tumewaona waliorudi wakiwa wamenyamaza.

Basi mtu wa Harlem alipoanza kukosa usingizi, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kujifungia ndani asiseme na mtu, angekwenda wapi? Madaktari binafsi walikuwa ghali. Hospitali nyingi hazikumpokea mtu mweusi, au zilimpokea kwa dharau. Walikuwapo hata wataalamu waliodai kwamba mtu mweusi, kwa asili yake, hapatwi na sonona, kana kwamba huzuni nayo ilikuwa mali ya wazungu. Madaktari weusi wa magonjwa ya akili walikuwa wachache mno, kwani milango ya mafunzo ilikuwa imefungwa mbele yao. Kwa hiyo, kwa maskini wengi, mlango wa kwanza wa kumfikia daktari wa akili ulikuwa ule wa polisi au wa mahakama. Alitazamwa na mtaalamu baada ya kuvunja kitu au kumjeruhi mtu. Kabla ya hapo, mateso yake hayakuwa habari ya mtu yeyote.

WALIOFUNGUA MLANGO

Aliyekuwa na wazo la kliniki ni Daktari Fredric Wertham, aliyezaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1895, na kuhamia Marekani mwaka 1922. Alifanya kazi kwanza Baltimore, kisha New York, na katika miji yote miwili aliona jinsi wagonjwa weusi walivyoachwa. Rafiki yake aliyemuunga mkono ni Richard Wright, mwandishi mweusi mashuhuri, ambaye kitabu chake cha mwaka 1940, Native Son, kilisimulia habari za kijana mweusi wa Chicago ambaye woga na chuki vilimfikisha kwenye kuua. Wright alijua kwamba vijana wa namna hiyo hawakuwa hadithi tu. Pamoja nao alikuwapo Daktari Hilde Mosse, mwanamke wa ukoo wa Kiyahudi kutoka Berlin, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Yeye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kila siku.

Waliomba fedha kwa wenye nazo, wakanyimwa. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye sisi mapadre tunapaswa kumtazama kwa makini. Mchungaji Shelton Hale Bishop alikuwa kiongozi wa parokia ya St. Philip's, ya Waanglikana wa Marekani, mojawapo ya parokia kongwe za watu weusi mjini New York. Baba yake aliiongoza parokia hiyo tangu mwaka 1886 hadi 1933, naye mwana akaipokea, akaiongoza hadi 1957. Hakuwa tabibu, wala hakuwa na mfuko wa fedha za kugawa. Alikuwa na vyumba viwili chini ya nyumba ya parokia, katika mtaa wa 133 upande wa magharibi. Akavitoa.

Kliniki ilipewa jina la Paul Lafargue, tabibu aliyezaliwa Cuba mwaka 1842 mwenye damu ya Kiafrika katika ukoo wake, mkwe wa Karl Marx, mtu asiye na habari na dini. Tunaweza kufikiri jinsi jina hilo lilivyosikika chini ya paa la kanisa. Lakini mchungaji huyo hakuugeuza mlango wake kuwa mahali pa kupimia imani za waliokuja kusaidia. Mjerumani, Myahudi mkimbizi, mwandishi aliyewahi kuwa mkomunisti na kiongozi wa kanisa walikubaliana juu ya jambo moja: mgonjwa aliye barabarani asipitwe tena.

SENTI ISHIRINI NA TANO

Kliniki ya Lafargue ilifunguliwa kwa jioni mbili tu kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Wahudumu wote, weusi kwa weupe, walikuwa wa kujitolea: madaktari, wanasaikolojia, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii waliokuja baada ya kumaliza kazi zao za mchana. Mgonjwa alitozwa senti 25. Akihitaji daktari amtolee ushahidi mahakamani, alitozwa senti 50. Asiyekuwa nazo alihudumiwa bure. Ili tupime uzito wa fedha hiyo, nauli ya treni za jiji la New York wakati huo ilikuwa senti 5. Robo dola ilikuwa sawa na nauli ya safari tano.

Pengine tutauliza: kwa nini watoze chochote, ikiwa nia ni kuwasaidia maskini? Maskini anajua tofauti kati ya kuhudumiwa na kuhurumiwa. Anayelipa kidogo alichonacho huingia akiwa mtu mwenye shida yake na haki yake, wala haonekani kama ombaomba. Na kwa kuwa asiye na kitu hakurudishwa, senti zile hazikuwa ukuta.

Tuziangalie pia zile saa. Zilikuwa za jioni, kwa sababu mama anayefua nguo katika nyumba za watu na baba anayebeba mizigo bandarini hawawezi kuomba ruhusa mchana wakasema wanakwenda kumwona daktari wa akili. Na mahali palikuwa nyumba ya parokia, ambako mtu angeweza kuonekana akiingia bila majirani kunong'onezana. Huenda anakwenda kwaya, huenda anakwenda kuonana na mchungaji. Aibu, ambayo huwazuia wagonjwa wengi kuliko fedha, ilipunguzwa kwa jambo dogo tu la kujua mlango uwekwe wapi.

Ndani ya vyumba vile, wagonjwa waliulizwa habari za maisha yao yote: kazi, kodi ya nyumba, watoto, njia waliyopitia hadi kufika Harlem. Daktari Wertham hakutaka kuwepo na tiba ya akili maalumu kwa watu weusi. Alishikilia kwamba watu wa Harlem walihitaji tiba ile ile njema ambayo mtu yeyote angestahili, ila itolewe na mganga anayejua kwamba nyumba mbovu, ukosefu wa kazi na matusi ya kila siku huingia hadi rohoni. Wagonjwa weupe waliokuja nao walipokelewa.

KUTOKA CHINI YA ARDHI HADI MAHAKAMANI

Mwaka 1951 kazi ya kliniki ilivuka mipaka ya Harlem. Katika jimbo la Delaware, wazazi weusi walikuwa wameishitaki serikali kwa sababu watoto wao walikatazwa kusoma katika shule za wazungu zilizokuwa karibu nao na bora zaidi. Mawakili wao, Louis Redding na Jack Greenberg, walimwomba Daktari Wertham awapime watoto. Watoto kadhaa, weusi na weupe, waliletwa katika vyumba vile vya chini ya ardhi, wakasikilizwa kwa utulivu. Kisha Wertham alikwenda mahakamani, akaeleza kwamba ubaguzi wa shuleni unaharibu afya ya akili ya watoto, na kwamba hata majengo yangekuwa sawa madhara yangebaki, kwa maana mtoto anajua kwamba ni serikali yenyewe iliyomtenga.

Jaji aliyesikiliza kesi hiyo, Collins Seitz, alikuwa Mkatoliki. Tarehe 1 Aprili 1952 aliamuru watoto hao wapokelewe mara moja katika shule walizokataliwa. Kesi hiyo ilikatiwa rufaa, ikaunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu yake maarufu dhidi ya ubaguzi katika shule za umma. Kati ya kesi hizo tano, ile ya Delaware peke yake ndiyo ambayo wazazi walikuwa wameshinda tangu mahakama ya chini.

Hapa huruma na haki vilishikana mikono. Waliokuwa wakiwatibu watoto waliona kwamba haitoshi kumfunga mtoto jeraha kila Ijumaa jioni, kisha kumrudisha Jumatatu asubuhi kwa yule anayemjeruhi.

KIVULI KIMOJA

Tusingekuwa wakweli kama tungeisimulia historia hii bila kivuli chake. Mwaka huo huo wa 1954 Daktari Wertham alitoa kitabu cha kushambulia vitabu vya katuni, akidai kwamba vinawafundisha watoto uhalifu. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwa watoto waliotibiwa Lafargue. Karatasi zake zilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, mtafiti Carol Tilley alizilinganisha na kitabu, na mwaka 2012 alionyesha kwamba daktari alikuwa amebadilisha au kukuza baadhi ya maneno na habari za watoto hao ili zifae hoja yake.

Jambo hili linatuumiza, kwa sababu ni mtu yule yule aliyewafungulia mlango. Mgonjwa maskini hutoa vitu viwili anapoingia kliniki: senti zake na siri zake. Senti ni chache, lakini siri ni zote alizonazo. Anayezipokea, awe daktari au padre, hana ruhusa ya kuzitumia kwa vita vyake mwenyewe, hata kama anaviona ni vita vitakatifu.

MWISHO WA KLINIKI

Mchungaji Bishop alistaafu mwaka 1957. Mwaka 1958 Kliniki ya Lafargue ilifungwa, baada ya kuhudumu kwa miaka 12. Katika muda huo wote haikuwahi kupata mfuko wa kudumu. Ilisimama juu ya mabega ya watu wachache, na mabega huchoka.

Miaka mitano baadaye, tarehe 31 Oktoba 1963, Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu, ili wagonjwa watoke katika hospitali kubwa za kufungiana. Wazo lilikuwa lile lile la Harlem, safari hii likiwa na mkono wa serikali. Lakini vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa, na wagonjwa wengi waliotolewa hospitalini wakaishia barabarani na magerezani. Zikazaliwa kliniki nyingine za bure, mojawapo ya zile mashuhuri ikiwa ile ya mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, mwaka 1967. Leo nchini Marekani kliniki za bure na za hisani ni zaidi ya elfu moja. Hata hivyo, pengo lile la mwaka 1946 halijazibwa. Ni rahisi kumpata daktari wa kujitolea atakayepima shinikizo la damu jioni moja, akaandika dawa. Ni vigumu kumpata atakayekaa na mgonjwa yule yule juma baada ya juma, kwa mwaka mzima, kwa maana tiba ya akili hudai muda, na muda ndicho kitu ambacho mtu wa kujitolea hana cha kutosha.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wapendwa, Mwinjili Marko katika sura ya 5 anatusimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, aliyefungwa minyororo mara nyingi akaivunja. Watu wa mji walikuwa na dawa moja tu kwa ajili yake, nayo ni mnyororo. Bwana alipofika alimwuliza jina. Mwishowe wakamkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu. Na watu wa mji walifanya nini? Walihesabu nguruwe waliopotea, wakamsihi Yesu aondoke. Kumponya mgonjwa mmoja kulikuwa na gharama ambayo mji haukuwa tayari kuibeba. Walionyimwa fedha kwa ajili ya Harlem walikutana na mji ule ule.

Kanisa haliwezi kuwa upande wa wanaohesabu nguruwe. Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitukumbusha hilo katika Siku ya Wagonjwa Duniani ya tarehe 11 Februari 2006, iliyoadhimishwa Adelaide, Australia, alipoielekeza siku hiyo kwa namna ya pekee kwa watu wenye magonjwa ya akili. Nasi tuyatazame matendo yetu.

Kwanza, tuitazame milango yetu. Parokia nyingi zina vyumba vinavyofungwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi, vikilinda viti vya plastiki na mapambo ya Krismasi iliyopita. Katika parokia hizo hizo wamo wauguzi, waganga na maofisa wa ustawi wa jamii wanaokuja Misa kila Dominika. Mchungaji Bishop hakungoja kujenga hospitali. Alitoa alichokuwa nacho, akawaacha wenye ujuzi wafanye kazi yao.

Pili, tusiitumie sala kama kisingizio. Tutamwombea mgonjwa, tutampaka Mafuta Matakatifu, tutampelekea Ekaristi. Lakini tusimwambie kwamba ana imani haba, wala tusimwache amalize miaka akizungushwa kutoka maombi hadi maombi huku tiba ipo. Anayevunjika mguu hatumwachishi hospitali, basi na aliyevunjika moyo tusimwachishe.

Tatu, tusifurahie kuanzisha tu. Ni rahisi kuzindua, na picha hupigwa siku ya uzinduzi. Mgonjwa wa akili aliyekwisha kuachwa mara moja huumia zaidi akiachwa mara ya pili. Kama Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zitaamua kumsindikiza mtu mmoja kliniki kila mwezi na kumlipia nauli, basi liwe neno la miaka, lisiwe la Kwaresima moja.

Na kabla ya yote hayo, lipo jambo lisilohitaji fedha wala chumba. Katika familia zetu yupo mtu ambaye wageni wakija anaambiwa abaki chumba cha nyuma. Juma hili tukae naye. Tumwite kwa jina lake, tumwulize alilalaje, kisha tunyamaze tumsikilize.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemtazama aliyefungwa makaburini ukamwuliza jina, wafariji wote wanaoteseka rohoni na akilini, wape nguvu wanaowatunza, na utufungulie sisi milango tuliyoifunga. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yohane wa Mungu. Amina.

Tunawatakia juma jema lenye baraka.